Saini ya Saa Nane

Saa moja na robo asubuhi, chai ya wagonjwa ikiwa bado haijaingia wodini, Sista Upepo alikuwa ameshasaini kazi ambayo hajaifanya. Alisimama miguuni pa kitanda cha sita, akachomoa kalamu mfukoni, akatia saini yake katika visanduku vinne vya karatasi ya kugeuza mgonjwa: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane. Wauguzi wote wa wodi ile walifanya hivyo, na kwa mzaha waliita jambo hilo "kutanguliza". Walikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne, na karatasi isiyojazwa ndiyo inayomtafutia mtu maneno ofisini. Basi unatanguliza saini, kisha unaikimbiza kazi nyuma yake, na siku nyingi unaifikia.

Ila aliyelala kitanda cha sita alikuwa Metroni.

Cheo chenyewe cha mkuu wa wauguzi alikuwa amekiacha miaka kumi na minne iliyopita, alipostaafu, na wengine watatu wamekikalia tangu hapo. Lakini kwa wauguzi waliopita mikononi mwake, ukisema Metroni hakuna anayeuliza yupi. Aliteleza bafuni kwake, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, na sasa ilikuwa siku ya nne yuko chali, amepungua mwili hadi blanketi lilimfunika kama hakuna mtu chini yake. Ni yeye aliyempa Upepo jina hilo. "Wewe binti unapita kitandani kama upepo," alimwambia mbele ya wanafunzi wenzake. "Mgonjwa anabaki akijiuliza kama ulikuja." Lilikuwa karipio, likageuka jina, na miaka ishirini na sita baadaye hata mshahara wake ungeandikwa kwa jina hilo, mhasibu asingeuliza.

Enzi za Metroni kulikuwa na raundi ya migongo. Wauguzi wa leo ukiwatajia wanacheka, wanadhani ni mchezo. Mara nne kwa siku toroli lilisukumwa kutoka kitanda hadi kitanda, likiwa na beseni, sabuni, taulo na kopo la poda, na kila mgonjwa asiyejiweza aligeuzwa, akasafishwa, akakaushwa, akatandikiwa upya. Wodi nzima ilinukia poda. Wanafunzi walikwenda wawili wawili, aproni zimenyooka kwa wanga, na Metroni nyuma yao, mikono mgongoni, viatu vyake havitoi sauti. Hakuwa na mswalie mtume. Akikuta mkunjo mmoja wa shuka chini ya mgonjwa, mlitandika vitanda vyote vya safu ile, na chakula cha mchana mlikisikia harufu tu.

Somo lake la kwanza hakulitoa darasani. Aliwalaza wanafunzi wapya kwenye vitanda vitupu, chali, akawaambia wasijitikise kwa saa mbili. Wakacheka sana, maana nani hataki kulipwa kwa kulala? Baada ya nusu saa kicheko kilikwisha. Upepo alikumbuka jinsi mfupa wa mwisho wa mgongo ulivyoanza kuwaka moto, jinsi visigino vilivyokufa ganzi, na jinsi binti wa kitanda cha jirani alivyolia kimyakimya, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa hakuruhusiwa kuyafuta. Saa mbili zilipotimia Metroni aliwainua mmoja mmoja kwa mikono yake mwenyewe, kwa upole ambao hawakuujua kwake. Hakueleza kitu. Kesho yake raundi ya migongo ilianza bila kusukumwa.

Na ni yeye aliyewafundisha jambo ambalo vitabu vyao, vilivyoandikwa na watu wa mbali kwa ngozi za watu wao, havikulisema. "Kitabu kinasema tafuta wekundu," aliwaambia. "Kwenye ngozi zetu ukisubiri wekundu utakuta shimo. Weka mgongo wa mkono. Sikiliza joto. Kisha bonyeza kwa kidole, uone kama nyama inarudi ama imekaza." Upepo aliipenda sauti ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Siku hizi, katikati ya zamu, kuna wakati aliitamani.

Saa mbili alimgeuza kweli. Alimlaza ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo.

"Ahsante, mwanangu," Metroni akasema. "Ahsante sana. Mungu akubariki."

"Metroni, unanishukuru kama mgeni?" Upepo akamtania. "Zamani ungeshanipa adhabu ya shuka."

Mama mzee akatabasamu kidogo tu. Upepo hakupata nafasi ya kulifikiria tabasamu lile, kwa sababu kitanda cha tatu kiligonga kengele na mwanamke aliyekilalia alikuwa anatapika damu.

Asubuhi ile ikaenda hivyo. Damu ikatafutwa, ikapatikana, haikulingana, ikatafutwa tena. Mwenzake akaitwa chumba cha upasuaji. Wakaletwa majeruhi watatu kwa mpigo. Mtu akimwona Upepo akipita koridoni angesema ana mikono minne, na bado haikutosha. Katikati ya hayo yote Metroni alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito yake, akarudi chali, na hakumwita mtu.

Saa saba wageni waliruhusiwa kuingia. Bintiye Metroni, fundi cherehani mwenye tepu ya kupimia bado shingoni, alimsimamisha Upepo aliyekuwa akipita na chupa ya maji ya mshipa.

"Sista, niwashukuru jamani. Nimeiona karatasi, mnamgeuza mama kila baada ya saa mbili bila kukosa. Sikutegemea, na hivi mlivyo wachache." Kisha akaitazama saa ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni. "Ila saa yangu nayo imeanza vituko. Hapa pameshasainiwa saa nane, na yangu inasema saa saba na kidogo. Itakuwa betri."

"Betri hizi ndivyo zilivyo," Upepo akasema, akaenda zake. Alifika mwisho wa wodi ndipo alipohisi uso umemchoma kama amepigwa kofi.

Majeruhi hawakumwachia nafasi; ilikuwa saa nane na nusu aliporudi kitanda cha sita. Alimkuta Metroni chali, akamwinua ubavu mmoja taratibu, akaingiza mgongo wa mkono chini ya kiuno, na kabla hajaona chochote alijua. Pale kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo palikuwa na joto la kikombe cha chai. Akatazama. Ngozi ilikuwa nzima, lakini mahali penye upana wa kiganja cha mtoto palikuwa pameiva rangi ya zambarau. Alibonyeza kwa kidole, akaachia. Rangi haikwenda popote, na nyama ilikuwa imekaza.

Hapo ndipo daktari wa raundi alipoingia, kijana msafi, mwenye haraka na asiye na makuu. Aliangalia mahali pale, kisha akachukua karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini.

"Anageuzwa kila saa mbili, na bado ngozi imefika hapa?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi ngozi yenyewe imechoka. Kugeuza peke yake hakutamsaidia. Mhamishieni godoro la hewa leo hii."

Godoro la hewa wodini lilikuwa moja. Lilikuwa kitanda cha kumi na moja, upande wa wanaume, chini ya dereva wa lori aliyekufa ganzi kuanzia kiunoni, ambaye alikuja na kidonda cha mgandamizo kinachomeza ngumi. Wiki tisa walikuwa wanakihangaikia. Juzi tu Upepo alikipima, kimebaki upana wa kifungo cha koti, na dereva, asiyeweza kukiona, aliwataka wamchoree ukubwa wake kwenye karatasi ili amwonyeshe mkewe. Ukimtoa kwenye lile godoro, wiki tisa zote zinamwagika.

Upepo aliitazama karatasi mkononi mwa daktari. Mwaka jana mwenzao mmoja alikamatwa kwa kutanguliza, akahamishwa mbali na watoto wake ndani ya wiki. Angeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa safi, saini zilikuwa nzuri, na daktari mwenyewe alikuwa ameshapata sababu.

"Mama," daktari akamwinamia mgonjwa, "hawa wanakugeuza vizuri?"

Metroni hakumtazama daktari. Alimtazama kwanza Upepo, haraka, kama mtu anayepima kina cha maji kabla hajaingiza mguu.

"Wananigeuza, daktari," akasema. "Wananitunza vizuri sana. Sina malalamiko."

Upepo aliujua mtazamo ule. Ameuona kwa wagonjwa wengi, wale wasio na ndugu, wale wanaoomba maji kwa kunong'ona. Ni mtazamo wa mtu anayekuogopa. Mwanamke ambaye madaktari wazima walikuwa wakifunga vifungo vya makoti wakimwona anakuja, alikuwa anamwogopa yeye, Upepo, na kwa hofu hiyo alikuwa amedanganya juu ya mwili wake mwenyewe. Upepo akamgeukia daktari.

"Daktari, hajageuzwa tangu saa mbili."

Daktari akainua karatasi. "Na hizi saini?"

"Ni zangu. Niliziweka saa moja asubuhi, zote nne. Ngozi yake haijachoka. Imelaliwa saa nyingi mfululizo, ya nani isingefika hapo? Godoro, mwache dereva nalo."

Bintiye Metroni, aliyekuwa bado kando ya kitanda, aliitazama saa yake ya mkononi kwa muda mrefu. "Kumbe nzima," akasema polepole, si kwa mtu yeyote.

"Unajua itanibidi niandike," daktari akasema.

"Andika, daktari. Na mimi naandika."

Alichukua kalamu ile ile, akakata saini tatu kwa mstari mmoja mmoja, na kando ya kila moja akaandika neno moja: hakugeuzwa. Hakuna aliyewahi kuliandika neno hilo kwenye karatasi za wodi ile, na liliposimama pale mara tatu lilionekana kubwa kuliko mwandiko wake. Daktari akaagiza mgonjwa asilale chali kabisa, mahali pale pasisuguliwe wala pasiguswe bure, patazamwe kila zamu, kisha akasogea kitanda cha saba. Binti naye alitoka kwenda kuvuta pumzi koridoni. Hakumsemesha Upepo, na Upepo hakumlaumu.

Wakabaki wawili. Upepo akampachikia mto ubavu mmoja ili asilalie mahali pale hadi mwenzake arudi, akavuta kiti, jambo ambalo hajalifanya wodini kwa miaka.

"Metroni, kwa nini ulisema umegeuzwa?"

Mama mzee alitazama dari.

"Wewe saa tisa unakwenda nyumbani, mwanangu. Mimi nabaki. Ukilala hapa siku nne unajifunza kutowaudhi wenye mikono." Akavuta blanketi hadi kifuani. "Niliteleza nikarudi chali. Nikasikia panaanza kuwaka. Nikahesabu saa kichwani kama nilivyowahesabia nyinyi. Nikasema nikiita, atasema bibi huyu ana makuu, anadhani bado ni bosi hapa."

"Nisingesema hivyo."

"Ningejuaje?"

Upepo akalia. Hakuficha uso, hakusingizia mafua. Alililia doa lile la zambarau, na binti aliyewahi kuwa, na wodi iliyonukia poda, ambamo mgonjwa asingepata sababu ya kuogopa kuita. Metroni alimwacha alie hadi akamaliza, kama ambavyo angemwacha mwanafunzi.

Kisha Upepo akanawa mikono, akamwita mwenzake aliyekuwa amerudi kutoka upasuaji, wakamgeuza Metroni pamoja. Walimnyanyua, hawakumburuta. Wakamwegesha ubavu, wakapachika mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Mwenzake akaenda kwa dereva. Upepo akanyoosha shuka, akatazama saa ya ukutani, akaandika saa tisa na dakika tano, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa.

"Kisigino," Metroni akasema.

"Naam?"

"Kisigino cha kushoto kinagusa godoro. Hukioni?" Sauti ilikuwa imepanda, na mgonjwa wa kitanda cha saba akageuza shingo. "Na huo mto wa mgongoni umeusukuma kama unaziba mlango wa stoo. Ndivyo nilivyokufundisha? Toa. Anza upya."

"Ndiyo, Metroni," Upepo akajibu, kwa sauti ya binti wa miaka ishirini, akautoa mto, akaanza upya.