Picha Iliyogoma Kukua

Simu ya fundi wa tovuti ililia mchana, akiwa anatafuna mkate mbele ya kompyuta. Tangu ahamishie kazi chumbani kwake, wateja walimwandikia ujumbe tu, na kulikuwa na siku jua lilizama hajatamka neno. Akakohoa kwanza, ndipo akapokea.

Alikuwa mzee mmoja, mshonaji aliyestaafu. Namba ameikuta chini kabisa ya ukurasa wa kampuni fulani ya usafi, palipoandikwa nani kautengeneza. Alieleza taratibu kwamba pana picha ya wafanyakazi, na binti yake yumo, mstari wa nyuma. Kila akitanua vidole juu ya kioo ili amwone vizuri, picha inamgomea.

Fundi akajua kosa ni lake. Mwenye kampuni alikuwa amelalamika kuwa ukurasa unayumba watu wakiugusa, naye, kwa uvivu, badala ya kuupanga upya akaziamuru simu zisiukuze.

"Samahani, baba. Mimi ndiye niliyeifunga," alisema. "Subiri kidogo."

Akaifuta ile amri, akamwomba mzee aufungue ukurasa upya.

"Amekonda," mzee akasema hatimaye. "Ila nywele kaziacha kama za mama yake."

Fundi akauliza kama huwa wanazungumza. Mzee akasema binti alibadilisha namba baada ya mazishi ya mama yake, na kumfuata kazini kungemwaibisha mbele za watu. Akashukuru, akauliza, "Na wewe umeshakula, mwanangu?" Fundi akajibu ndiyo, simu ikakatwa. Muda mrefu hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

Mwezi uliofuata mwenye kampuni akaleta picha mpya ya wafanyakazi. Fundi akaikuza, akapekua uso mmoja mmoja. Binti hayumo. Alipouliza, akaambiwa aliacha kazi, wala hakuaga.

Angeweza kubadilisha picha akanyamaza. Badala yake alimpigia mzee, akamwelekeza namna ya kuihifadhi ile ya zamani kwenye simu yake, kisha akamwambia kwa nini.

"Kaenda wapi?" mzee akauliza.

"Hawajui, baba."

Fundi hakukata simu. Akaiweka mezani, sauti ikiwa juu, akaendelea na kazi. Upande wa pili kiti kililia, kikombe kikagonga meza. Wakakaa hivyo, kila mtu chumbani kwake, hadi salio la fundi lilipoisha.