Kola za Wifi

Bi Mkasi alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umepona. Huu ulikuwa umehamia kabisa. Ulianza mgongoni, ukaenda machoni, na hivi karibuni ulikuwa umefungua tawi jipya kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, kikavimba hadi kikawa hakikunjiki.

Jina hilo alipewa na wateja, maana hakuna aliyewahi kumkuta bila mkasi unaoning'inia shingoni kwa utepe. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na waya wa kutundikia nguo uliovuka chumba ukuta hadi ukuta. Alishona mashati tu. Watu walimshauri aingize na magauni, aingize na mapazia, akakataa, na hilo ni moja ya mambo machache ya biashara aliyoyafanya kwa akili. Shati lake lilisifika kwa kola. Unaweza kulifua vibaya, ukalipiga pasi kwa haraka, ukalivaa siku ya joto, na kola bado ikakaa shingoni kwa adabu zake zote.

Cherehani ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe. Alikuja pale ndoa yake ilipovunjika, ana watoto na hana pa kuanzia, na ushonaji wote alijifunzia kwenye chumba kile kile. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mwili wa shati alishona vizuri, mikono vizuri, mfuko na vifungo huna la kusema. Kasoro ilikuwa kola. Kola ya wifi ilitoka mashineni nzuri, lakini ikishafuliwa, ncha zake zilijikunja kuelekea juu kama jani lililokauka.

Bi Mkasi aliliona hilo mwanzo kabisa, na alitaka kusema. Lakini siku hizo wifi alikuwa mtu wa kulia kwa jambo dogo, hata chai ikipoa. Bi Mkasi akajiambia, si leo, maskini, mwache kwanza apumue. Kesho yake akajiambia vivyo hivyo. Basi ngoja ngoja ile ikazaa miaka, na wifi akaacha kulia, akaanza kucheka, akawa mtu wa kuwatania wateja mlangoni. Sasa ungemwambia nini? Kwamba muda wote huo?

Akaona njia rahisi, ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kila alfajiri, wifi akiwa bado anawaandaa watoto kwenda shule, Bi Mkasi alifungua karakana, akashusha mashati ya jana, akazifumua kola kwa wembe, akazikata upya na kuzishona upya, kisha akapiga pasi na kukunja. Wifi alipofika alikuta mashati yamefungwa kwenye mifuko, yanasubiri wenyewe. Wateja wakisifia kola, Bi Mkasi alisema, "Msifuni wifi." Na wifi alicheka, akaamini. Kwa nini asiamini?

Mtu anayefanya kazi ya wawili peke yake, tena kwa siri, hachelewi kuzeeka. Bi Mkasi alianza kusinzia popote alipoegemea. Walipoalikwa wote wawili kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo, alikaa kiti cha mbele akalala usingizi wa haki tangu dua ya kufungua. Wifi ndiye aliyesikiliza kwa niaba ya karakana nzima.

"Umekosa mambo, wifi," alimwambia njiani. "Yule mwalimu kasema kama kila kitu lazima kipite mkononi mwako, basi huna biashara. Una kibarua, na tajiri wako ni mkali."

"Tajiri mwenyewe mimi?"

"Wewe. Na hakupi likizo."

Wakacheka. Lakini Bi Mkasi lilimchoma.

Kidole kilipozidi kuuma, mumewe akampeleka zahanati. Daktari aliushika ule mkono, akakibonyeza kidole gumba, na Bi Mkasi akaita mama yake aliyekwisha kufariki. Daktari alisema mshipa umechoka kwa kazi ya kurudiarudia. Mkono ufungwe na upumzike, si wiki, miezi. Akiulazimisha utapasuliwa, na hapo hakuna wa kumhakikishia kama atashika mkasi tena. Wakiwa nje, mumewe, mtu mpole wa maneno machache, alisema, "Mwachie wifi yako. Si anajua kazi?"

Hiyo ndiyo hesabu iliyomkaa Bi Mkasi kichwani tangu siku ile. Kama wifi anaweza kusimama peke yake, mlango wa karakana unabaki wazi, na nyumba mbili zinakula. Kama hawezi, mlango unafungwa, na mkono ukija kupona hakutakuwa na mteja wa kuurudia. Aliyejua jibu ni yeye peke yake, naye alilificha kwa miaka kwa kujiona ana huruma.

Hapo ndipo mtu mwingine angesema. Bi Mkasi hakusema. Kulikuwa na mashati ya wahudumu wa hoteli yaliyotakiwa kuondoka juma lile, yote meupe, wifi ameshayamaliza. Bi Mkasi aliyatazama yakining'inia kwenye waya, mkono wake umefungwa bendeji hadi kiwiko. Akajipa moyo kwa uongo ambao hata mtoto angeukataa: labda safari hii kola zitakaa. Mashati yakaenda.

Yalirudi yamefuliwa mara moja tu.

Msimamizi wa hoteli alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo ya kuogopwa. Aliweka mfuko juu ya meza ya kukatia, akatoa shati moja, akalitandaza. Ncha zote mbili za kola zilikuwa zimesimama, zinatazama dari.

"Bi Mkasi, sijaja kugombana," alisema. "Wahudumu wangu wanaonekana kama wamelala na nguo. Mashati yenu siku zote hayana tatizo. Safari hii imekuwaje?"

Bi Mkasi alifungua mdomo. Wifi akawahi.

"Mama, niliyeshona ni mimi, na ndivyo ninavyoshona siku zote. Labda sabuni mliyobadilisha."

"Sabuni ni ile ile." Msimamizi akatoa shati jingine, limechakaa kidogo, la awamu iliyopita. "Hili limefuliwa hadi kitambaa kimelegea kwapani. Tazama kola."

Kola ilikuwa imelala vizuri. Wifi akalichukua, akiwa bado na tabasamu lake la kubishana. Akaligeuza. Akaisogeza kola karibu na macho, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Tabasamu likatoka polepole.

"Mshono huu si wangu," alisema.

Akapitisha kidole juu ya uzi.

"Mimi nikifika mwisho narudisha mshono mara tatu. Huwa unanitania, unasema napoteza uzi. Huu umerudishwa mara moja." Akageuka. "Anayerudisha mara moja ni wewe, wifi."

Bi Mkasi alitamani sakafu ipasuke. Alimwomba msimamizi amwachie mashati hadi kesho kutwa, yatakuwa sawa yote. Msimamizi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba pale pana jambo lililo kubwa kuliko kola. "Kesho kutwa," alisema. "Yasipokaa, nitatafuta fundi mwingine, na sitapenda." Akaondoka.

Wifi alikaa kwenye stuli yake. Hakulia. Bi Mkasi angepona kama angelia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Zote?"

"Zote."

"Kumbe ndiyo maana unakuja alfajiri. Mimi nawaambia watu wifi yangu mchapakazi, halali. Kumbe unanifumua mimi."

"Sikutaka kukuumiza. Ulikuwa na majonzi mengi wakati ule."

"Wakati ule! Wifi, mwanangu aliyekuwa mgongoni sasa ananiandikia barua. Majonzi yangu yaliisha zamani, ila wewe hukuuliza." Sauti ilipanda. "Ungenitukana ningekasirika siku mbili, ya tatu ningejua. Sasa nimezeeka na kosa nisilolijua. Ningefungua pangu mwaka jana kama nilivyotaka, ningeaibika mbele ya mji mzima, na ningesema nimelogwa!"

"Ulitaka kufungua pako?"

"Nilitaka. Nikaona nikikuacha na uchovu wako utakufa. Nikakuonea huruma."

Hilo ndilo lililomkalisha Bi Mkasi chini. Kumbe kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake kitu kwa jina la huruma, na huruma hizo mbili ndizo zilizokuwa zinaiua karakana.

Wifi alifuta uso kwa kanga, akavuta mfuko wa hoteli. "Haya. Nifundishe. Wewe usiguse kitu, mkono wako ukae hapo hapo. Sema tu. Na nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuficha: nikishajua, nitaondoka. Nitafungua pangu."

Bi Mkasi aliutazama mkono wake uliofungwa. Akimfundisha kola hizi, hoteli itabaki, lakini wifi ataondoka nayo kazi, na jina, na pengine nusu ya wateja. Asipomfundisha, hakuna cha kuondoka nacho wala cha kubaki nacho. Na kulikuwa na njia ya tatu, nayo haikuchelewa kumjia, maana moyo wa mfanyabiashara una vyumba vingi: kumpa nusu. Kumpa kiasi cha kuyaokoa mashati haya, akabakiza kidogo cha kumfanya wifi amhitaji.

"Fumua kwanza," alisema.

Wifi akafumua. Bi Mkasi akamweleza. Kola ina vipande viwili, cha juu na cha chini, na wifi alikuwa akivikata kwa ukubwa mmoja. Cha chini kipunguzwe kidogo, upana wa punje ya mchele, pande zote isipokuwa ya shingo. Ukivishona pamoja, cha juu kitakizidi cha chini na kuzivuta ncha zilale. Wifi alikata, na kukata kwake kulimuumiza Bi Mkasi kuliko bendeji; mara mbili mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kwenda kumnyang'anya mkasi, na mara mbili wifi alimtazama hadi ukarudi mapajani.

Kola ya kwanza ikatoka. Wifi akailowesha, akaikausha kwa pasi, akaiweka mezani. Ilikuwa imelala. Msimamizi angeipokea na kushukuru. Lakini ncha zake zilikuwa butu, za mviringo, si zile kali zilizompa Bi Mkasi sifa mjini.

Wifi hakuwa mjinga. Aliiweka kando ya lile shati la zamani, akalinganisha.

"Ni hilo tu?" aliuliza.

Kutoka nje ziliingia kelele za watoto wanaotoka shule, kisha zikapita. Bi Mkasi alikuwa amechoka mno. Alichoka kushona, alichoka kufumua, na zaidi alichoka kujua kitu peke yake.

"Hapana," alisema. "Kuna jingine. Unapofika kwenye ncha, kabla hujakata kona, laza kipande cha uzi kati ya vitambaa viwili, ukizungushe kwenye sindano ikiwa imezama pale nchani, miguu yake miwili uielekeze katikati ya kola. Halafu shona mshono mmoja wa mshazari, umalizie upande wa pili. Ukigeuza, usiisukume ncha kwa mkasi kama ufanyavyo. Uvute ule uzi. Utaitoa ncha yenyewe, kisha uuchomoe."

Wifi akaifumua kola tena, akalaza uzi, akashona, akageuza, akavuta taratibu. Ncha ikatoka kali, mahali pake. Akavuta ya pili. Akaipiga pasi, na safari hii hakuiweka kando ya shati la zamani. Hakukuwa na haja.

"Sasa hakuna nililobakiza," Bi Mkasi alisema. "Sasa unaweza kwenda."

"Najua," alisema wifi.

Akaitundika kwenye waya, akachukua shati la pili, akaanza kufumua.