Safu ya Kulia

Katika mji wa Harlow Glen, jimbo la Connecticut, hapakuwa na mtu aliyechukia udanganyifu kama wakili Alden Wetherell, wala hapakuwa na mtu aliyeitangaza chuki hiyo kwa bidii kama yeye mwenyewe. Alisoma shule ya bweni huko milimani Vermont, ambako wavulana waliamshwa kwa kengele kabla ya jua, wakaoga maji ya baridi, na wakafunzwa kwamba mwenye kuandika sentensi mbovu ni heri angebaki kitandani. Habari hizi aliwasimulia majirani kila walipokusanyika kuchoma nyama uani, nao, kwa kuwa ni watu wa adabu, walizisikiliza kila kiangazi kana kwamba zimetoka jikoni sasa hivi.

Kwa hiyo mwezi wa Juni, mwanawe Emmett aliporudi nyumbani na kazi ya likizo ya darasa la juu la Kiingereza, Wetherell aliipokea kama jenerali mstaafu anavyopokea habari za vita. Darasa hilo lilikuwa la wateule. Aliyelimaliza vyema, vyuo vikuu vilimfungulia milango; aliyelikosa, kwa maoni ya wazazi wa Harlow Glen, hakubakiwa na lolote ila kuwa mtu mwema.

Kazi yenyewe ilikuwa riwaya mbili nene na shajara moja. Shajara iandikwe kwa mkono, maana siku hizi kompyuta zimejifunza kutunga insha na wanafunzi wamejifunza kutozisumbua zikiwa kazini. Kila ukurasa ugawanywe kwa mstari: katika safu ya kushoto mwanafunzi anakili maneno ya kitabu yaliyomgusa, katika safu ya kulia anayajibu maneno hayo kwa akili yake. Chini kabisa mwalimu, Bi. Ostrander, alikuwa ameweka sharti: safu ya kulia ni ya mwanafunzi peke yake, na ikibainika kuwa kuna mwandishi mwingine, nafasi yake darasani imo hatarini.

"Sharti la haki kabisa," alisema Wetherell, akiigonga karatasi kwa kidole. "Enzi zetu ungefukuzwa, na sanduku lako likakutangulia getini. Umesikia, bwana mdogo?"

"Nimesikia, Baba."

"Wazazi wa siku hizi wanawafanyia watoto wao kila kitu. Kesho watawatafunia na mkate."

"Usijali, mume wangu," alisema Lorna, mkewe, bila kuinua macho kutoka gazetini. "Huyu wa kwetu meno anayo."

Emmett alikuwa kijana mrefu, mkimya, aliyeajiriwa kiangazi hicho kuwa mlinzi katika bwawa la kuogelea la mji. Kutwa alikaa juu ya kiti kirefu, filimbi mdomoni na riwaya ya kwanza mapajani, akiwazuia watoto wasikimbie penye majimaji. Riwaya hiyo ilihusu familia ya wakulima wa Nebraska ambao, kwa kurasa zisizohesabika, hawakufanya jambo ila kungoja mvua. Jumapili ya kwanza baba alidai kukagua kazi. Akafungua shajara. Kushoto palinakiliwa aya nzuri kuhusu kisima kilichokauka. Kulia paliandikwa neno moja: *Inasikitisha.*

"Inasikitisha," alisoma Wetherell kwa sauti, kama hakimu asomaye shtaka. "Ndilo jibu lako?"

"Kwani haisikitishi?"

"Inasikitisha, Emmett! Lakini hata jibwa la jirani linajua kusikitika. Hebu nipe karatasi nikuonyeshe. Mfano tu."

Akatoa moja ya zile karatasi zake za manjano za ofisini, akaandika mfano. Ulikuwa mfano mtamu, naye akaupenda. Siku ya pili aliona kuwa mfano mmoja hautoshi kumfunza mtoto, akaandika mwingine. Baada ya juma moja alijinunulia nakala yake ya riwaya, kwa kuwa si haki kutoa mifano juu ya kitabu usichokisoma, na Wetherell alikuwa mtu wa haki. Kila asubuhi, kando ya kikombe cha kahawa cha kijana, palilala karatasi ya manjano, na kila asubuhi kijana aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda nayo bwawani.

"Na hii yako," Lorna aliuliza siku moja, "utaipeleka kwa mwalimu gani, Mheshimiwa?"

"Huu si udanganyifu, Lorna. Ni malezi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta."

"Sawa. Ila naona mhunzi ndiye anayesana, ndiye anayevukuta, mwana kabeba makaa tu."

Wetherell alikuwa ameinamia karatasi yake. Alikuwa akitafuta neno lenye uzito zaidi ya *ukame*.

Hivyo ndivyo kiangazi kilivyopita. Shajara yenyewe hakuiomba tena, maana fundi wa kweli hasumbuki kuangalia kama matofali yake yamepangwa. Mwezi wa Agosti ilipowasilishwa, alilala usingizi wa mtu aliyemaliza mtihani, na kwa hakika ndivyo alivyokuwa.

Septemba ikaja jioni ya wazazi. Katika shule hizi ni desturi kwamba jioni hiyo baba na mama wanafuata ratiba ya mtoto wao: kengele ikilia wanatoka darasa hili kuingia lile, wanakaa kwenye viti vya watoto wenyewe, na kusikiliza dakika chache jinsi mwalimu atakavyowafundisha. Watu wazima wenye matumbo ya heshima hujipenyeza katika vile viti vya shule vilivyoungana na meza, wakawa kama mayai yaliyorudishwa kwenye kasha la mayai mengine. Wetherell alikaa mstari wa mbele. Lorna alipata nafasi nyuma yake, karibu na Lindqvist, daktari wa meno, mtu wa kucheka kwa sauti.

Bi. Ostrander alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi zilizokatwa fupi na sauti isiyohitaji kupandishwa.

"Nitawasomea sehemu mbili za shajara za kiangazi," alisema. "Majina sitaji. Mwenye kazi ameniruhusu kusoma ukurasa wowote nitakao. Ya kwanza inasema hivi: 'Ukame katika riwaya hii si ukame wa ardhi bali ni kielelezo cha kiu ya nafsi ya taifa zima. Mwandishi, kwa ustadi usiopingika, anatualika kuutafakari unyonge wa binadamu mbele ya mbingu zisizojali.'"

Wetherell aliinua kidevu. Aliyatambua maneno yale kama mtu anavyomtambua mwanawe katika umati. Akageuka nusu, ili Lindqvist apate kumwona uso.

"Maneno haya yamevaa suti na tai," Bi. Ostrander aliendelea, "wala suti haina kasoro. Ila nimeifungua vifungo, na ndani sikumkuta mtu."

Darasa likacheka. Lindqvist akacheka mpaka akafuta machozi. "Mimi namjua mwenye suti hiyo!" alinong'ona. "Ni mchungaji wetu!"

Kichwani mwa Wetherell palianza kesi. Mshtakiwa alikuwa aya ile, wakili alikuwa yeye, na hoja zilimjia kwa wingi hata hakujua kwamba mwalimu alikuwa ameshaanza sehemu ya pili.

"'Baba wa kitabu hiki kila asubuhi hutoka nje kutazama mawingu,'" alisoma Bi. Ostrander, "'na mwanawe husimama nyuma yake. Nimesoma nikingoja ageuke. Leo bwawani tulimtoa kila mtu majini kwa sababu ya radi. Nimejificha mvua kwenye kibanda cha taulo, nimesoma mpaka mwisho, na hakugeuka. Sikukumbuka kunakili lolote. Basi safu ya kushoto nimeiacha wazi, nadhani yule kijana angeelewa.'"

Hakuna aliyecheka. Lorna alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja mdomoni. Mji wa Harlow Glen una bwawa moja, na bwawa lina kibanda kimoja cha taulo.

"Nani ana la kusema?" aliuliza mwalimu.

Mkono wa Wetherell ulikuwa hewani tayari. Lorna aliona, akajinyoosha mbele, akamshika koti. "Alden. Kaa. Nakusihi, kaa."

Alisimama. Kiti na meza, kwa kuwa ni kitu kimoja, vilisimama naye.

"Bi. Ostrander, kwa heshima zote," alisema, akiwa ameinama kidogo kwa kubebeshwa samani, "sehemu ya kwanza umeihukumu bila kuisikiliza yote. Ukisoma sentensi mbili ukaiacha ya tatu, unakata mti kisha unaulaumu kwa kukosa kivuli. Sentensi ya tatu ndiyo inayofunga hoja!"

"Sentensi ya tatu," Bi. Ostrander alisema polepole. "Mimi nimesoma mbili tu, Bwana Wetherell. Hiyo ya tatu umeiona wapi?"

Njia ya kujinasua ilikuwa wazi. Baba yeyote huweza kusema amechungulia daftari la mwanawe, na hapana sheria inayomzuia. "Sema umeona kwa mtoto," Lorna alinong'ona nyuma yake. "Sema hivyo tu, ukae." Nafasi ya Emmett ilining'inia kwenye jibu dogo kama punje ya haradali. Lakini Lindqvist bado alikuwa akifuta machozi ya kicheko, na kule milimani Vermont, mvulana hakufunzwa kuikana sentensi yake.

"Nimeiona wapi?" alifoka Wetherell. "Mama, nimeiona ilipozaliwa!"

Wazazi wakainamia meza zao, kama watu wazima wanaofurahi sana na hawapaswi kuonyesha.

"Ahsante," alisema Bi. Ostrander. "Sehemu zote mbili zimetoka katika daftari moja. Tangu Agosti najiuliza ni nani aliyehama humo katikati ya Julai, na ni nani aliyehamia. Sharti mnalijua. Jumatatu asubuhi nitamsikiliza Emmett mwenyewe. Aje na ukurasa mmoja, aniambie kwa nini abaki. Siahidi kitu."

Kengele ikalia. Walipofika kwenye gari, Wetherell alikaa na funguo mkononi bila kuwasha.

"Ile sehemu ya pili," alisema hatimaye. "Ilisemaje?"

Lorna alimtazama. "Kamuulize mwenyewe."

Hakumuuliza usiku ule. Asubuhi ya Jumamosi alishuka jikoni, na hapakuwa na haja ya kueleza lolote, maana Lorna alikuwa ameshaeleza. Emmett alikuwa akimimina sharubati tamu ya utomvu wa miti juu ya chapati zake za maziwa, polepole mno.

"Kwa hiyo," alisema kijana, "ukasimama."

"Mwanangu, lilikuwa suala la—"

"Baba, karatasi zako niliacha kunakili tangu ile siku ya radi. Nilizinakili mwanzo kwa sababu ulikuwa unafurahi. Shuleni niliona haya, nikamwambia mwalimu asome popote. Nilijua utakasirika. Lakini nilidhani utakaa kimya." Akaweka chupa chini. "Nilidhani unaipenda nafasi yangu kuliko sentensi zako."

Wakili aliyewahi kujibu mawakili wa nusu ya jimbo aliangaza macho jikoni. Kisha akafanya alilozoea: akaenda kwenye droo, akatoa karatasi ya manjano na kalamu, akaketi.

"Tutamwandikia. Ukurasa mmoja. Tuanze na kanuni: adhabu haiwezi kumwangukia mtu kwa kosa la—"

"Baba. Weka kalamu chini."

Lorna, aliyekuwa akiosha vyombo, akafunga bomba asikose neno.

Wetherell akaitazama kalamu kama mtu anayeombwa kuvua suruali njiani. Akaiweka. Emmett akavuta karatasi nyeupe, akaanza. Meza ilikuwa nyembamba, na mtu aliyeketi upande wa pili angeweza kusoma kila neno hata kama limepinduka. Wetherell akainuka, akaenda dirishani, akampa kijana mgongo. Huko nje palikuwa na mawingu, akayatazama. Kisha kitu fulani kikamjia, labda kumbukumbu ya kurasa alizozisoma kwa makini kupita mtu yeyote wa Harlow Glen pasipo kuziona, akageuka. Hakuitazama karatasi. Alimtazama mwandishi: masikio yaliyobabuliwa na jua la bwawa, ulimi umeng'atwa pembeni. Hakujua kwamba mwanawe anapoandika hung'ata ulimi.

Jumatatu jioni Emmett alirudi na hukumu. Atabaki darasani. Nusu ya pili ya shajara imepata alama yake, tena kubwa. Nusu ya kwanza imepata sifuri, ataiandika upya kabla ya Krismasi, na Bi. Ostrander amemtuma aifikishe sifuri hiyo kwa mwenyewe.

Alden Wetherell hakuwahi kupata sifuri maishani, hata kwa hesabu, hata kwa wimbo. Aliipokea kwa utulivu uliostahili shule yake. Akakunja leso, akasogeza uma, akamshika mwanawe bega na kusema amefurahi sana, na ilionekana wazi kwamba amefurahi.

Kisha, walipokuwa wakiondoa sahani, akamwegemea kijana sikioni.

"Lakini ile ya tatu," alisema, "aliisoma?"