Njumu Zilizombana Komeo

Mama hakuwa mtu wa kununua kwa macho. Hata kitunguu alikigeuza kwanza kabla ya kukitia kikapuni. Kwa hiyo binti yake alipomvuta hadi duka la vifaa vya michezo, akamwonyesha njumu nyeupe zilizotengewa rafu nzima kama bibi harusi, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Ndizo hizo, mama," alisema Komeo. Jina hilo alipewa na wenzake wa timu, kwa kuwa akisimama nyuma, mpira haupiti. Jumamosi watu wa timu ya mkoa walikuwa wanakuja kuchagua wasichana, na njumu zake za zamani zilishaachama mbele kama mamba.

Mwenye duka alikuwa mshambuliaji zamani. Sasa alibakiwa na kitambi na maneno. "Mama, hizi ukivaa ni kama hujavaa. Zinakimbia zenyewe."

"Zikikimbia zenyewe, mwanangu atabaki nyuma akifanya nini?"

Mama alikuwa fundi cherehani, riziki yake sare za shule. Aliukunja mguu mmoja wa kiatu, akaufuata mshono kwa ukucha, akaunusa. Kasoro hakuiona. Bei ilikuwa ya kitanda na godoro lake, lakini pesa alikuwa nazo, Mungu alimjalia, na neno la kukataa hakuwa nalo.

"Vaa, tukae," alisema.

"Tukae?"

"Kiatu ni kama mchumba. Siku ya kwanza hakimkanyagi mtu kidole. Kaa tuzungumze."

Wakakaa kwenye benchi. Mama akaanza habari za kuku wa jirani aliyetagia ndani ya kapu la vitambaa. Komeo akaitikia "ndiyo mama", akatabasamu. Mama hakulitazama tabasamu. Alitazama katikati ya nyusi, palipokuwa na kunjo dogo.

Kunjo hilo alilijua. Marehemu mumewe, dereva wa lori, kifua kilikuwa kikimuuma, na kila akiulizwa alijibu, "Sina neno, mke wangu," akitabasamu vilevile. Walipofika hospitali, daktari aliuliza mbona wamechelewa.

"Zinakubana?"

"Hata kidogo."

Angeweza kumvua akauona mguu wenyewe, maana nyayo Komeo alizirithi kwa baba yake, pana kama pasi. Lakini akiona yeye, itasaidia nini? Kuna siku mtoto ataumwa mahali ambapo jicho la mama halifiki. Alichokitaka ni neno kutoka kinywani mwake. Akafungua mkoba, akazitoa pesa, akaziweka mapajani.

"Njumu ni nzuri, mwanangu, thamani yake naiona. Ukisema ndizo, nalipa sasa hivi. Ila baba yako naye alikuwa akinijibu hivyohivyo."

Komeo akainama. Akacheza na kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.

"Zinanibana," alisema mwishowe. "Kidole cha mwisho ni kama kimefungiwa mlangoni. Niliogopa nikisema, hutaninunulia tena."

"Mungu ashukuriwe," alisema mama, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mwenye duka akakuna kichwa. "Tangu nifungue duka hili, mama, sijaona mteja anayeshukuru kiatu kubana."

"Umeona leo, baba. Sasa tuletee za mguu mpana."

Akaingia stoo, akatoka na jozi ya mwaka jana, ya kiwanda kilekile, rangi ya boga bivu. "Hizi kila mtu anazikimbia kwa sababu ya rangi," alisema. Komeo alizitazama kama mtu aliyeletewa mchumba wa kulazimishwa. Mama akakunja, akafuata mshono, akanusa.

"Vaa, tukae."

Wakarudi kwa yule kuku. Safari hii Komeo alibisha: yai ni la nani, la mwenye kuku au la mwenye kapu? Akacheka mpaka akajishika mbavu. Ghafla akawaona wenzake wa timu wakipita nje, akaruka, akatoka mbio akiwaita.

"Mama, huyo ameondoka na mali yangu," alisema mwenye duka.

"Mwache. Amesahau kama amevaa."

Miwani ya mama ikaingia ukungu. Akaifuta tena kwa ncha ya mtandio, polepole, huku nje msichana mmoja akiangua kicheko: "Wewe, umevaa maboga?"

"Maboga ndiyo," Komeo alijibu. "Lakini hayaniumi."

"Amina," alisema mama kimoyomoyo, akamkabidhi mwenye duka pesa zake.