Mgonjwa Aliyepona Kwenye Utafiti

Wananchi wa Noonkopir, sayansi imetamka: babu yangu, Mzee Kimani, ninayemwita Guka, amepona kabisa. Sayansi haijawahi kufua mashuka yake. Nafua mimi, tangu shule ifungwe.

Tangu apasuliwe tezi dume, mkojo unamtoka wenyewe, na kanisani ameacha kwenda. Lakini Ebla, muuguzi wa utafiti wa upasuaji huo, akimuuliza kuhusu madhara, Guka hujibu, "Niko sawa." Yaani mzee analala juu ya nailoni, na huko hospitali ya Kajiado, kwenye utafiti, anahesabiwa kama ushindi.

Leo ametia suruali nyingine kwenye mfuko, akatoka akidai anaenda shambani, akasahau simu. Nikaitumia kumpigia Ebla, nikakohoa kizee.

"Ni Kimani," nikasema. Huo si uongo, nilipewa jina lake. "Najikojolea, msichana wangu. Andika ukweli nitibiwe."

"Ajabu," akajibu. "Mzee Kimani ameketi hapa mbele yangu. Anasema yuko mkavu."

Nikasikia kikohozi halisi. "Kimani, huyo ni wewe?"

"Ni mimi, Guka. Nimeiba sauti yako. Sasa muonyeshe ile suruali ya pili uliyobeba kwa mfuko."