Kikapu Kilichompita Abdulkarim

Ijumaa ile jua lilikuwa halijakausha umande kwenye migomba, na tayari lori lilikuwa limesimama kwenye mdomo wa barabara ya Rwenkende, injini inanguruma. Dereva alikuwa ameambiwa kwamba leo njia inafunguliwa. Wala hakudanganywa. Boriti iliyoifunga barabara ile kwa nusu mwaka ilikuwa imeshainuliwa na vijana wasio na subira, wakaifunga juu kwa kamba, na mkutano wenyewe haujaanza hata kwa sala.

Auleria aliiona boriti iko juu.

Yeye ndiye aliyelileta jambo lote. Mzaliwa wa hapo hapo Rwenkende, akaenda kusoma, akarudi mtafiti wa afya, akaiomba halmashauri kitu ambacho watu walikicheka kwanza: kipande cha barabara kati ya kanisa la Kilutheri na msikiti kifungwe, watu wapite kwa miguu, malori na bodaboda zizunguke njia ya juu. Yeye atapima presha za wakazi wa barabara hiyo na za wakazi wa njia ya juu, mwanzo na mwisho. Presha zikishuka kwa hawa walioondolewa magari, barabara ibaki ya watu. Zisiposhuka, malori yarudi. Watu wakanyoosha mikono mchana kweupe, wakakubaliana.

Basi zikapanda! Watu wanatembea, wanalala bila honi, watoto wanacheza rede katikati ya barabara, mabenchi yametolewa nje, halafu presha zinapanda. Kule njia ya juu, kwenye vumbi na kelele, hazikupanda wala kushuka. Nani angeelewa? Hata mimi ninayesimulia ningeitupa mashine ile chooni.

Na kama ingekuwa ni aibu ya msomi tu, mngeniona nacheka. Lakini dada yake Auleria, Mackrine, anaishi kwenye barabara hiyo. Miaka mitatu nyuma binti yake Benadeta alitumwa chumvi, akavuka kwenda dukani, na lori likamchukua. Alikuwa darasa la tatu. Tangu hapo Mackrine alikuwa akisikia breki anakimbilia uani na kuziba masikio. Boriti ilipofungwa ndipo alipoanza tena kukaa mlangoni kwake. Likirudi lori moja tu, atarudi uani, na safari hii hatatoka. Auleria alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Binti, tuanze," alisema Gaudiosus, afisa wa halmashauri, mtu mpole lakini mwenye haraka. "Matokeo uliyonieleza jana ndiyo hayo hayo?"

"Ndiyo hayo, mheshimiwa."

"Basi hapana maneno mengi. Utayasoma, nitafunga mkutano, dereva atapita."

Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi pande zote mbili za barabara. Mbele kabisa alikaa mzee Abdulkarim, mwenye duka la jumla na mwenye mzigo wa lori lile, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa. Babu yake alitoka Pangani, lakini yeye Kinyambo anakiongea kuliko vijana wa siku hizi. Tangu siku ya kwanza aliipinga boriti, na hakujificha. Mizigo yake ilikuwa inashushwa kanisani na kusukumwa kwa mikokoteni, na wateja wa Nyakatuntu walikuwa wanapitiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinichukie. Wewe mwenyewe ulisema mashine haina upande."

Ni kweli Auleria alisema hivyo, na lilimuuma. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba katika barabara nzima presha iliyoshuka ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya huyu huyu mzee. Adui wa boriti ndiye boriti imemponya! Alilala nalo jambo hilo, akaamka nalo, na halikumwambia kitu.

Mackrine akatoka ndani na kikapu chake kidogo cha ukindu.

Ukija kwa watu wa Karagwe na Kyerwa, hujaulizwa hata habari za ulikotoka, unaletewa akamwani. Ni kahawa iliyochumwa, ikachemshwa na majani ya dawa, ikaanikwa juani. Haisagwi wala haitiwi maji. Unapewa punje chache, unatafuna pamoja na mwenyeji wako, ndipo maneno yanaanza. Kuikataa ni tusi. Kunyimwa ni tusi kubwa zaidi.

Mackrine alianza na mgeni, Gaudiosus, akapiga goti kidogo. Akampa aliyefuata. Alipomfikia Abdulkarim, kikapu kikapita juu ya magoti ya mzee kama vile benchi lile halina mtu, kikaenda kwa jirani yake. Watu wakatazama chini. Ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu. Lori lililomchukua Benadeta lilikuwa linaleta bidhaa za Abdulkarim. Mzee alikuja msibani, akashika jembe kaburini, akalia kama baba. Kikapu kikampita hata siku ile ya matanga. Na kwa kuwa cha mfiwa kilimpita, vya majirani navyo vikampita, asije mtu akaonekana anamcheka Mackrine.

Auleria akapokea punje zake, akazitia mdomoni, akaanza kutafuna. Uchungu ule aliozaliwa nao ukajaa kinywani. Akausikia moyo unaenda mbio. Akadhani ni woga.

Kisha akamtazama tena Abdulkarim, mikono mitupu juu ya magoti.

Akaacha kutafuna.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, na Gaudiosus akageuka.

Kila alipokuja kupima, alikaribishwa kwenye mabenchi haya haya. Watu walikuwa wamepata mahali pa kukaa na muda wa kukaa, basi wakatembeleana, na mtu akitembelewa hutoa kikapu. Walitafuna asubuhi, wakatafuna jioni, wakatafuna naye, kisha wakamnyooshea mkono apime. Kule njia ya juu nani alimkaribisha? Alipima amesimama, vumbi puani, akaondoka. Katika masharti yake aliandika mwenyewe: chai hapana, kahawa hapana, sigara hapana, kabla ya kipimo. Na akamwani haikumjia akilini hata mara moja. Kwake ile haikuwa kahawa, ilikuwa ni salamu. Nani anahesabu salamu? Daktari wa Dar es Salaam angeuliza, "Mnatafuna nini?" Mtoto wa nyumbani alitafuna tu.

Akasimama.

"Mheshimiwa, mkutano usifungwe. Nimekosea mimi."

Akaeleza yote, bila kujificha nyuma ya maneno ya kisomi. Hakumaliza. Kelele zikapanda kutoka benchi la nyuma.

"Waitu, jamani! Sasa kahawa ya babu zetu ndiyo mchawi?"

"Njia ya mwongo fupi, dada! Zingeshuka ungesema kahawa?"

"Dada yake amefiwa, huyo atasema lolote!"

Neno hilo la mwisho lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Kule kwenye boriti dereva akapiga honi, mara moja tu. Mackrine akaruka, kikapu kikamponyoka mkononi, punje zikamwagika vumbini. Hakuna aliyecheka.

"Mzee Abdulkarim," Auleria alimgeukia. "Wewe ndiye usiyetaka boriti. Nisikilize wewe, uamue. Tupime upya leo, watu wote wa barabara hii. Kuanzia sasa asitafune mtu, mpaka mtakapotoka msikitini. Sitaigusa mashine mimi. Atapima binti yako."

Binti yake Abdulkarim, Nusra, alikuwa muuguzi wa zahanati, na kwa ukali wake wagonjwa walikuwa wanamwogopa kuliko sindano.

"Na zisiposhuka?" aliuliza mzee.

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia dereva apite. Mbele ya dada yangu."

Mackrine aliinua uso. "Auleria, una wazimu? Wageni wa wilaya wamekaa mlangoni kwangu, niwanyime kahawa mpaka adhuhuri? Mama alitufundisha hivyo?"

"Funika kikapu, dada. Nakuomba."

Walitazamana. Mackrine akakiokota kikapu, akazifunika punje zilizobaki kwa kipande cha jani la mgomba, akakaa, macho mekundu. Gaudiosus akaguna, akatazama saa yake, akamtazama Abdulkarim. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa," alisema Gaudiosus. "Zikishuka, boriti inarudi na mnapima upya kwa haki, bila salamu zenu hizo. Zisiposhuka, lori linapita leo leo."

Nawaambia, hakuna kusubiri kubaya kama kusubiri mdomo mtupu. Watu walimeza mate. Mmoja alijisahau akatia mkono mfukoni, jirani yake akampiga kibao cha mkono. Auleria alikaa karibu na dada yake lakini hawakusemeshana. Alijiona mjinga. Vipi kama si kahawa? Vipi kama ni kweli kutembea na kulala vizuri havijawasaidia kitu, na yeye ametoa ahadi hii mbele ya mfiwa? Adhana ikaadhiniwa, Waislamu wakaenda kwa miguu katikati ya barabara, watoto mbele. Kwenye boriti lori lilinyamazishwa, likawashwa, likanyamazishwa tena.

Walipotoka msikitini, Nusra aliweka meza katikati ya njia.

"Kaa. Miguu chini, usikunje. Usiongee."

Alipima wa kwanza, mshona viatu. Akasoma kwa sauti, kavu kabisa, na Gaudiosus akalinganisha na karatasi ya mwanzo. Imeshuka. Wa pili, imeshuka. Wa tatu ilibaki pale pale, na benchi la nyuma likaanza kuguna. Wa nne imeshuka sana. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka minong'ono ya benchi la nyuma ikafa yenyewe. Abdulkarim naye akanyoosha mkono kwa mwanawe. Ya kwake ilikuwa chini kama ilivyokuwa.

"Baba yangu alikuwa anameza vidonge," Nusra alisema, na hapo sauti yake haikuwa kavu tena. "Sasa anakwenda kutoka dukani mpaka kanisani na kurudi kila siku, kufuata mikokoteni yake na kuigombeza."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliyebaki alikuwa Mackrine.

Akakaa, akanyoosha mkono. Nusra akafunga mkanda, akasoma. Akapima tena. Akamtazama Auleria.

"Iko juu," alisema. "Juu kuliko ya mwanzo."

Gaudiosus akakohoa. "Huyu mama, kwa hali yake, tunaweza kumwacha. Tukimtoa, hesabu inakuwa safi."

Auleria alitamani kusema ndiyo. Haki ya Mungu, neno lilifika kwenye ulimi. Akaikumbuka honi ya asubuhi, na kikapu kilivyoanguka.

"Asitolewe," alisema. "Namba yake ibaki kama ilivyo. Naye ni mtu wa barabara hii."

"Niacheni nijisemee," Mackrine alisema. Hakuinuka kwenye kiti. "Miguu yangu imepona, nakwenda mpaka Nyakakika kwa shangazi bila kupumzika. Usingizi nalala. Lakini kila jua likifika pale lilipokuwa siku ile, nalisikia lile lori. Boriti haiwezi kulizuia. Msiseme barabara imeshindwa. Ni mimi tu."

Mzee Abdulkarim akainuka. Akaenda taratibu mpaka kwenye boriti, kanzu ikifagia vumbi, akahangaika na ile kamba. Vijana wakataka kumsaidia, akawafukuza. Boriti ikashuka. Akazunguka mpaka kwenye dirisha la lori.

"Shusha hapa hapa," alimwambia dereva wake. "Na ile honi usiipige tena Rwenkende."

Aliporudi alikuwa ametoka jasho, mikono ina michubuko ya kamba. Akakaa benchini pale pale alipokuwa, mikono juu ya magoti.

Mackrine alifunua kikapu. Kwa desturi angeanza na mgeni, na Gaudiosus alikuwa ameshakunjua kiganja, maskini, na njaa yake ya tangu asubuhi. Mackrine akampita. Akaenda mpaka mbele ya Abdulkarim, akapiga goti.

Mzee alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akachota punje chache. Akazitia mdomoni, akatafuna, na machozi yakamshuka mbele ya watu wote.

Akataka kurudisha kikapu.

"Ongeza," Mackrine alimwambia. "Ni za miaka mitatu."