Ghala Limejaa

Mama Bertilla, mwalimu wa kwaya yetu, alirudi kutoka Dar es Salaam Jumamosi, na kesho yake baada ya misa akatukalisha wanakwaya wote nyuma ya kanisa la kigango chetu cha Izia. Tulijua alikotoka. Alikuwa amepeleka kaseti tuliyojirekodi wenyewe kwa redio ya padre, ili wenye studio kule wasikilize waone kama tunafaa kutoa kanda. Ilikuwa miaka ile ya tisini, milango yote imefunguliwa: maduka yamejaa bidhaa, mitumba hadi vijijini, redio za watu binafsi zimeanza, na kila kwaya inayojiamini inatoa kanda yake. Sisi wa Ufipa tulikuwa bado tunanunua za wenzetu.

"Wametusikiliza," alisema. "Wamesema sauti zetu ni nzuri."

Tukapiga makofi. Alisubiri tumalize.

"Wamesema pia akina mama watu wazima wabaki nyumbani, waende mabinti na vijana tu. Na nyimbo za Kifipa tuziondoe, maana hakuna wa kuzinunua."

Hapo kila mtu akageuka kumtazama Bibi Avelina. Mimi Luciana nilikuwa sauti ya pili, na siku zote nilisimama nyuma yake, kwa hiyo nilizoea kuiona shingo yake ikitetemeka anapoanzisha wimbo. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zote za Kifipa. Alikunja kitenge chake magotini, akasema, "Mimi nilianza kuimba hapa kanisa likiwa bado la nyasi. Nikibaki nyumbani, nitaimba nyumbani. Ninyi nendeni, wanangu."

Baadhi ya vijana waliinamisha vichwa. Walitaka kwenda, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Mama Bertilla hakuwapa nafasi.

"Haendi mtu," alisema. "Tutarekodi hapahapa Sumbawanga, wote tulivyo, na Kifipa chetu. Au tusirekodi kabisa."

"Hapahapa wapi, mama?" mtu mmoja akauliza, na wengine wakacheka. Ni kweli. Albamu nzima ilikuwa haijawahi kurekodiwa katika mji huu.

Mwenyewe alikuwa ameshamfikiria Kasmir. Huyu alikuwa kijana wa mtaa wa Mazwi aliyekwenda Mbeya kujifunza kazi ya kurekodi, akarudi na mashine yake, maiki chache na maneno mengi. Alipanga chumba nyuma ya duka la baiskeli, kuta akazibandika trei za mayai, mlangoni akaning'iniza godoro ili kelele za mtaani zisiingie. Mpaka siku hiyo alikuwa amerekodi tangazo la muuza mabati na wimbo mmoja wa washikaji zake.

"Hakuna shida, mama," alisema. "Chumba ni kidogo, lakini mtaingia kwa zamu."

Tukaingia kwa zamu. Sauti ya kwanza peke yao, wakatoka wamelowa jasho; sisi wa pili tukaingia; kisha wanaume. Ukiwa mle ndani unamwimbia mwenzako sikioni, na sauti yako mwenyewe huisikii inakokwenda. Tulipomaliza, Kasmir akaunganisha zote, akatutolea spika nje, tukakaa kwenye mabenchi ya fundi baiskeli kusikiliza.

Bibi Avelina alisikiliza hadi mwisho wa ubeti wa kwanza. "Hawa wagonjwa ni akina nani?" akauliza.

Kasmir alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu bibi hakuwa anatania. Ilikuwa sauti yetu kweli, lakini kama ya watu waliofunikwa blanketi.

"Chumba kinakula sauti," Kasmir alikubali. "Hiki ni cha mtu mmoja na gitaa. Ninyi mnataka nyumba kubwa."

Kanisani hapakufaa, maana jirani kulikuwa na mashine za kusaga ambazo hazikunyamaza kutwa. Mama Bertilla akaniambia, "Luciana, twende Malangali."

Pale Malangali lilikuwapo ghala kubwa la ushirika, la matofali na bati, lililojengwa enzi ambazo mahindi ya mkoa mzima yalipita mle kabla ya kupakiwa kwenye malori. Tangu wafanyabiashara waruhusiwe kununua wenyewe mashambani, ghala lilibaki tupu. Lilikuwa na mlinzi, Mzee Vitus, ambaye zamani aliimba sauti ya nne katika kwaya yetu. Ushirika ulipokufa, naye alinuna. Kanisani alikuja, akakaa nyuma, wala hakuimba. Alishinda pale mlangoni na funguo zake kiunoni, akilinda hewa.

"Shikamoo baba," tulimwamkia.

"Marahaba. Kama mnatafuta mahindi, mmechelewa miaka mingi."

"Tunatafuta pa kuimbia," alisema Mama Bertilla, akamweleza yote.

"Ghala ni la mahindi," alijibu mzee.

"Basi tufungulie tuone tu."

Alifungua kwa kunung'unika. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya magunia ya zamani, na mwanga uliingia kwa vijidirisha vya juu. Mama Bertilla alitembea hadi katikati ya sakafu, akapiga kofi moja, akasikiliza linavyokwenda na kurudi. Kisha akaimba. Ulikuwa wimbo wa kupura ulezi, ule ambao mtu mmoja anaanza na wenye fimbo wanajibu. Aliimba mstari wa kwanza tu, na ghala zima likamjibu. Sauti yake ilipanda kwenye mabati, ikazunguka, ikatushukia kama watu kumi wanaotoka shambani. Mwili ulinisisimka.

Mzee Vitus alikuwa ameshika nguzo. Midomo yake ilitikisika, lakini hakutoa sauti.

"Mje asubuhi," alisema baadaye. "Upepo ukianza, mabati yanagonga. Na umeme humu hakuna, walishakata."

"Umeme nitautafuta," alisema Mama Bertilla.

Aliutafuta kwa Kabula. Huyu alikuwa mjane wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia na mifugo kutoka Shinyanga. Mumewe alipofariki, aliuza baadhi ya ng'ombe, akafungua kibanda cha video Mazwi na kununua jenereta, na wengi tulishangaa mwanamke anavyoiwasha kwa mkono mmoja. Alipoombwa, hakuuliza maswali. "Mchana siitumii," alisema. "Nitaileta mwenyewe."

Lakini lilikuwapo jambo ambalo Mama Bertilla hakulijua. Asubuhi tumekusanyika ghalani, baridi ya Juni inauma, wazee wamejifunga mashuka, tukaona mkokoteni wa maksai unaingia uani, jenereta imefungwa kwa kamba juu yake na Kabula anatembea pembeni. Mzee Vitus akasimama katikati ya njia.

"Hiyo irudi ilikotoka."

Kabula alikunja goti. "Shikamoo baba."

Hakuitikia. Kwetu, mtu kutoitikia shikamoo ni jambo zito.

"Ng'ombe wa huyu walikula mahindi yangu yote ya bondeni," mzee aliwaambia watu, siyo Kabula. "Yote. Halafu leo niwafungulie ghala waimbe kwa mashine yake?"

Mama Bertilla alifungua mdomo, lakini Kabula alimtangulia.

"Walikula, baba. Ni kweli. Nilikuja kwako na wazee wa kwetu kuomba radhi, ukatufungia mlango, na sikukulaumu. Mtu aliyelima kwa jembe la mkono halafu akakuta mabua matupu, ana haki ya kufunga mlango. Lakini leo sikuja kwa ajili yangu. Hawa wanataka kuimba. Nifukuze mimi, jenereta ibaki."

Akafungua kamba, akamwonyesha Kasmir pa kutia mafuta na namna ya kuvuta ili iwake, akatwaa fimbo yake, akageuka kuondoka. Alikuwa amekaribia barabara Mzee Vitus alipoita.

"Wewe!"

Kabula alisimama.

"Marahaba," alisema mzee. "Na mashine ikizimika, huyu mtoto wa Mazwi ataijulia wapi? Rudi."

Hakuna aliyecheka, ila niliona mabega ya watu yakishuka. Jenereta ikapelekwa mbali nyuma ya kichuguu, waya mrefu ukavutwa hadi ndani, na Mzee Vitus mwenyewe akampelekea Kabula kigoda chake akalie.

Kasmir alituning'inizia maiki kwenye paa, juu ya vichwa vyetu, wala hakututenganisha. Tulisimama kama tunavyosimama kanisani. Akavaa vyombo vyake vya masikioni, akainua mkono, taa nyekundu ya mashine ikawaka.

Bibi Avelina akaanzisha ule wimbo wa ulezi. Shingo yake ilitetemeka kama siku zote, na sauti ikatoka nyembamba, imenyooka, ikapaa juu ya bati. Tukajibu. Sijui niseme nini nieleweke. Tulizoea kuimba, lakini hatukuwa tumewahi kujisikia. Kila tulichotoa kilirudi kwetu kimekua. Katika ubeti wa pili nilisikia sauti ya nne imekuwa nzito ghafla, kama mtu ameongeza gogo motoni. Niligeuza macho. Mzee Vitus alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho, anaimba. Ile sauti yake ya zamani haikuwa imekwenda popote. Kasmir alimwona, akatoa macho, lakini mkono wake ukaonyesha tuendelee.

Tulimaliza. Mwangwi ulikuwa bado unazunguka juu, ndipo vigelegele vikapasuka kutoka nje. Kabula alikuwa ameiacha jenereta na kusogea mpaka ukutani, na alichosikia kilimshinda kunyamaza. Kasmir alinyoosha mkono kusimamisha mashine.

"Nitavikata hivi, mama."

"Ukivikata nitakukata wewe," alisema Mama Bertilla. "Viache."

Tulikwenda asubuhi nyingi. Siku nyingine njiwa waliotaga darini waliamua kuimba nasi, tukarudia. Siku nyingine upepo uliwahi, mabati yakagonga, tukarudi nyumbani. Nyimbo za Kiswahili tulizirekodi, na za Kifipa tukazirekodi zote. Siku ya mwisho Kasmir aliuliza kanda iitweje. Watu walitaja majina ya Biblia, kila mtu lake. Mzee Vitus alikuwa anafagia. "Ghala limejaa," alisema kama anayejisemea, na hapo mjadala ukaisha.

Kanda ilitoka kabla ya mvua za kwanza. Tuliiuza mlangoni mwa kanisa na stendi. Madereva wa mabasi ya Tunduma waliichukua, wakaipiga njia nzima, na abiria waliposhuka waliuliza inapopatikana. Baadaye dereva mmoja wa lori alikuja Izia mbio, hata injini hakuzima. "Nimewasikia redioni! Dar es Salaam! Mtangazaji ameurudisha ule wa Kifipa mara mbili, anasema hajui maana yake lakini hawezi kuuacha!" Mama Bertilla alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini, akamshika mkono dereva yule, akamchezesha palepale uani, vumbi likatimka. Wale wenye studio wa Dar nao waliuliza kwa Kasmir tumetumia mtambo gani kupata mwangwi ule. Kasmir aliwajibu kwamba ni mtambo wa matofali.

Kuanzia hapo ghala halikukaa tupu tena. Ilikuja kwaya ya Mpanda, ikarekodi "Tumevuka Salama", kanda iliyochezwa harusi zote za mwaka ule. Ikaja bendi ya Mbeya yenye wapiga tarumbeta, wakasema hawajawahi kusikia tarumbeta zao zikilia hivyo. Ndugu za Kabula wakaleta ngoma zao na njuga, wakarekodi albamu ya Kisukuma ambayo mwisho wake ardhi inasikika ikitetemeka. Kila kanda ilikuwa na maneno mgongoni: imerekodiwa Sumbawanga. Mzee Vitus aliyasoma kwa sauti kila ilipotoka mpya, na Jumapili alisimama mbele, mstari wa sauti ya nne, koti limepigwa pasi.

Kisha mji ukatuita uwanja wa mpira, kwenye sherehe ya mavuno. Hakuna aliyekumbuka kuuona uwanja umejaa vile. Watu walitoka Izia, Malangali, Mazwi, hadi vijiji vya mbali. Wafipa na baiskeli zao, Wasukuma na mikokoteni, watoto juu ya ukuta. Mama Bertilla alipanga mstari wa mbele akina mama watu wazima peke yao, vitenge vipya, Bibi Avelina katikati, nasi mabinti tukawa nyuma yao. Bibi alianzisha ule wimbo wa ulezi. Kabla sisi hatujajibu, uwanja ukajibu. Wote waliujua. Vijana waliozoea nyimbo za Kongo waliujua, na Wasukuma walikitamka Kifipa kwa lafudhi yao bila aibu. Nilijaribu kuimba nikashindwa, nikamshika Mama Bertilla mkono. Alikuwa anacheka kabisa, meno yote nje, kama binti.

Tulipomaliza, watu walikataa tushuke. Tukarudia, na wakakataa tena. Tuliimba kanda nzima, pande zote mbili, mpaka mgeni rasmi akakosa nafasi ya kuhutubia, na hakuna mtu aliyemdai hotuba.